Mdomo Wangu Umemfungia Hajara Mlango wa Ubatizo

Mama Kahambu, mshauri wetu, salamu nyingi kutoka soko la Kikuubo hapa Kampala, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya robota la vitenge kwa sababu nyumbani hakuna kiti ambacho hakinikumbushi aibu yangu, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa wasomaji wako najua wameshaanza.

Kwanza ujue unasema na nani. Mimi ni Heritier, mzaliwa wa Butembo, Kongo, na ukisimama popote Kikuubo ukauliza vitenge vya nguvu viko wapi, hata kipofu atakunyoshea kidole kwenye duka langu. Shule niliishia darasa la sita, lakini Guangzhou nimekula mpaka vitu visivyo na jina, Dubai wananiita kaka, Kifaransa kinanitosha, Kichina nakipigia bei na Kiganda nakitukania. Tena nina moyo, hilo hata adui zangu hawabishi, mtu akifiwa kwenye jengo letu mimi ndiye wa kwanza kuzunguka na kofia ya mchango na wa kwanza kutia mkono wangu ndani. Sisemi haya kujisifu, nasema ili uelewe kwamba mwanaume kama mimi kulala kwenye kochi ambalo miguu inaning'inia kama ya mbuzi aliyechinjwa si jambo dogo.

Mke wangu ni Hajara, binti wa Mzee Tajudin, Mnubi wa Bombo. Nilipompenda mzee alinikatalia, na alinikatalia kwa adabu kiasi kwamba nilishindwa hata kukasirika, alisema, "Kijana, dini yangu hainiruhusu kukupa binti. Na ukisilimu leo utakuwa umesilimu kwa ajili ya Hajara, si kwa ajili ya Mungu. Hiyo pia siitaki." Basi tukaanza maisha hivyo hivyo bila ndoa ya kwao wala ya kwetu, huku Bugolobi, usifikiri ni kwenye maghorofa, ni upande wa nyuma kuelekea viwandani, na tukapata mtoto wetu Raisa ambaye kwa bahati mbaya amerithi mdomo wangu.

Hajara alipokuja kusema anataka kubatizwa awe Mkatoliki, banange, nilitangaza! Kikuubo nzima ilijua kwamba Heritier amemleta binti wa Bombo kanisani. Sasa Mama, kwa kuwa wewe ni kama mzazi nitakuambia ilivyokuwa. Mimba yetu ya pili iliharibika, Hajara akalazwa Nsambya, mimi nikiwa China nafuata mzigo, na mama mmoja wa parokia aitwaye Rosalba, asiye ndugu yake wala jirani, alikuwa anampelekea uji na kukaa naye pale kitandani bila kumhubiria neno hata moja. Hajara alipopona akamtafuta amshukuru, akakuta yule mama ni katekista, anafundisha watu wazima wanaotaka kubatizwa, akaomba akae nyuma asikilize, na ndiyo ikaanza. Lakini boda ya kwenda darasani nani alilipa? Ni mimi. Kwa hiyo nilijihesabia kwamba kazi ile ni yangu.

Alikwenda Bombo kumuaga baba yake. Nilimsindikiza, nikakaa nje na wazee. Mzee hakupiga kelele, alimwambia, "Moyo wako siwezi kuufunga kamba. Ila usiwe mtu wa nusu, Hajara. Ukiingia huko, ingia mzima." Njia yote ya kurudi alikuwa amejifunika mtandio usoni, na mimi nilikuwa namsimulia vichekesho.

Akasoma, Mama, huyu mwanamke alisoma kama anayetafuta kazi benki. Sala ya Nasadiki aliishika kichwani huku anakanda unga wa chapati, mimi niliyebatizwa nikiwa na wiki nikawa nashika shika tu maneno ya katikati. Siku wakatekumeni, yaani hao wanaojiandaa kubatizwa, walipopokelewa mbele ya waumini, walichorwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, masikioni, machoni, midomoni, na Hajara aliporudi nyumbani hakunawa uso mpaka kesho yake. Nilimwambia, "Wewe, huo msalaba si mafuta ya bei." Akaniambia, "Baba Raisa, leo niache." Nikamwacha.

Balaa lilianza kwenye chai. Parokia iliwaalika wenzi na ndugu wa wakatekumeni, kuna mikate, kuna kipaza sauti, na wewe unajua kipaza sauti kikikaa bure mimi naumwa. Nikakichukua. Nikawaambia wale vijana wa kikao, "Nyinyi mnaogopa ndoa ya kanisa? Nitazameni mimi! Nimefunga ndoa takatifu Butembo, vikari, msaidizi wa Askofu mwenyewe, altareni, tarumbeta mbele, tarumbeta nyuma, barabara imefungwa! Bibi harusi wangu Kavira alilia kwa furaha kutoka kwao mpaka altareni, mpaka wajomba zake wawili wakamshika mikono huku na huku asianguke!" Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Rosalba akaweka kikombe chini.

"Baba Raisa," akauliza, "huyo Kavira ni marehemu?"

"Marehemu wapi! Yuko Beni kwa bwana mwingine, na amenenepa!"

Watu wakacheka tena. Rosalba hakucheka. Hajara naye alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama moto umeshika pazia. Kumbuka Mama, kwamba nilikuwa na mke kabla yake Hajara alijua siku zote, sikumficha, harusi ile nimemsimulia mpaka anaijua kuliko Kavira. Kitu ambacho hatukujua, mimi kwa uvivu wa kusikiliza na yeye kwa ugeni, ni kwamba Kanisa bado linaniandika mume wa Kavira.

Padri akatuita. Si mtu mbaya, ingawa kwa sasa sitaki kumwona. Akasema, "Heritier, nikimbatiza Hajara huku mnaishi kama mke na mume, nitakuwa namwahidisha kitu asubuhi akivunje jioni. Hiyo si haki kwake."

Nikamwambia, "Padri, lakini Kavira ndiye aliyeniacha, ana mtu wake!"

"Inawezekana hata ile ndoa yenu haikuwa ndoa. Lakini si mimi wala wewe wa kuamua. Kuna mahakama ya Kanisa, nenda ukatoe maelezo yako, nitakusaidia."

Mimi! Niende kwa wanasheria wa mapadri niseme harusi ambayo Butembo mpaka leo wanaisimulia haikuwa harusi? Nilikataa pale pale. Basi akauliza, wakati tunafikiria, je, tunaweza kuishi kama kaka na dada Kwaresima hii na kuendelea, kila mtu na kitanda chake? Kama tunaweza, Hajara atakwenda mbele na wenzake Pasaka. "Sitatuma mtu kuchungulia dirishani kwenu," akasema. "Neno lenu linanitosha."

Sijafungua mdomo, Hajara akasema, "Tunaweza, Padri."

Ndiyo nikahamia kwenye kochi. Na hapa nakuapia, Mama Kahambu, kwa kaburi la mama yangu, nimelishika lile neno. Hakuna anayenichungulia, mlango wa chumba hauna hata komeo, na sijausukuma. Sijui kwa nini. Labda ni jinsi alivyosema tunaweza bila kunitazama, kama anayejua kwamba nitaweza. Hakuna mtu aliyewahi kunidhania hivyo.

Lakini akaacha kuniita Baba Raisa. Akawa anasema, "Kaka Heritier, chai tayari." Alisema inamsaidia. Raisa akasikia, akapiga hesabu zake za kitoto kwamba kaka wa mama ni nani, na wiki ile ile akaja dukani watu wamejaa, akapaza sauti, "Mjomba, mama anasema uje na sabuni!"

Mama, Kikuubo ilisimama. Swaibu, jirani yangu anayeuza masufuria, alishika kifua kwa kicheko. "Mjomba? Heritier, umekuwa shemeji yako mwenyewe?" Mwingine akauliza kama posa ya Hajara sasa inaletwa kwangu. Wabeba mizigo waliweka mizigo chini wacheke vizuri. Mimi niliyewatania watu hawa maisha yangu yote, siku hiyo nikawa mimi ndiye kitoweo, na jasho likanitoka, nikapanda juu ya robota nikasema kwa sauti ambayo Mungu amenipa bila kipimo, "Nyinyi watoto! Huo ni mchezo wa kumfurahisha padri tu. Mchana mimi kaka, taa ikizimwa mimi mume!"

Walishangilia kama tumefunga bao. Nilirudi kuwa Heritier. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kunywa soda. Maneno yale yakawa wimbo, nikipita wananisalimia, "Kaka wa mchana!" na mimi napunga mkono. Kumbe siku ile pale mbele ya duka alikuwepo mama wa jumuiya yetu ya kanisa aliyekuja kuchagua vitenge vya sare ya Pasaka. Yule mama hakuzusha, Mama, alisema alichosikia.

Rosalba alikuja nyumbani mwenyewe. Hakukaa. Akasema, "Hajara, mdogo wangu, Padri amesema jina lako lisubiri. Hutakwenda na wenzako Pasaka hii."

Hajara akauliza kwa nini. Rosalba akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika rimoti. Mama, neno lilinifika hapa kwenye meno, kusema nilidanganya, huyu mwanamke hana kosa, kochi hilo mnaloliona ndilo kitanda changu, na lilivyofika kwenye meno likarudi. Nikajiambia nitalitengeneza baadaye polepole na padri, pembeni. Rosalba akaondoka.

Hajara akaniuliza, "Ulisema hivyo dukani?"

"Unajua wanaume wa sokoni, Hajara. Ilikuwa utani."

"Padri alisema neno letu linamtosha," akasema. "Neno langu umelifanya la kuchekeshea watu." Akaenda kuanua nguo.

Tangu siku hiyo hagombi, anapika, ananipakulia. Darasani anakwenda bado. Wenzake wakiingia kanisani kufanya mazoezi ya Mkesha wa Pasaka, yeye anabaki barazani amewashikia watoto wao. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa nimepita na boda kwa bahati mbaya, amebeba mtoto wa mtu na anaimba nao kutoka nje. Kwao Bombo ameshatoka, kwetu hajaingia.

Sasa nisaidie, kwa sababu nina uchungu na kila mtu. Nina uchungu na Kavira kwa kuwa hai, nina uchungu na padri mwenye sheria zake, nina uchungu na Swaibu, na yule mama wa sare ambaye tena alitaka nimpunguzie bei. Kuna pasta mmoja wa walokole hapa jirani, anabatiza kwenye bwawa la hoteli, haulizi mtu amelala wapi, nimeshaongea naye, hata Jumapili hii iko wazi. Au nimhamishe parokia, twende mbali ambako hawatujui, tunyamaze tu kuhusu Kavira? Au nikae kimya mambo yapoe, maana Kikuubo kila wiki kuna kichekesho kipya? Naweza pia kwenda kwa padri nikasema kweli, lakini habari ikitoka nitakuwa nani? Mimi ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa jengo letu, mwenyekiti hawezi kulala kwenye kochi.

Majina yaandikeni yote, langu na la mke wangu, msifiche kitu, Heritier hajifichi. Na namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini.

Ni mimi, Heritier, vitenge jumla na rejareja.

*

Heritier mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Barua yako ni ndefu kuliko Kwaresima, na katika urefu wote huo neno "nisamehe" nimelitafuta sikuliona.

Umeniambia niandike majina yote. La kwako ni ruhusa yako. La mke wako nani alikupa ruhusa? Nilipiga ile namba nikuulize, akapokea yeye, simu ilikuwa kwenye chaji. Nilimwambia mimi ni nani na nimepata barua. Akasema, "Chapisheni, Mama. Wamenisema kwa uongo, acha wanisome kwa ukweli." Basi nimechapisha, na Kikuubo wananunua gazeti hili hata kama ni la kufungia sabuni. Swaibu ameshasoma habari za kochi. Ile siri uliyoogopa itoke imetoka, na umeitoa wewe, kwa sababu ya kutaka jina lako lionekane gazetini. Nilicheka, sitakuficha. Kisha sikucheka.

Nilimwuliza Hajara swali moja zaidi: unataka nini? Akajibu, "Mimi nataka kubatizwa. Yeye anataka nini, sijui." Barua yako nzima, na mwanamke unayelala upande wa pili wa ukuta wake hajui unataka nini. Mimi pia sijajua. Hilo bwawa la hoteli, Hajara aliomba kwenda huko? Sina ugomvi na maji yake wala na pasta wake, ila inaonekana wewe ndiye unayetaka kutoka kwenye shida, na unataka kumtosa yeye ndiyo utoke. Na kumpeleka parokia ya mbali mkanyamaze: amesingiziwa kumdanganya padri wa kwanza, wewe unataka akamdanganye wa pili kweli kweli. Ukikaa kimya mambo yapoe, yatapoa kwako. Kwake yatapoa vipi, amekaa barazani na watoto wa watu?

Na acha kusema ulimleta kanisani. Alipokuwa hospitali na kitanda cha mtoto kitupu, aliyekwenda ni Rosalba. Wewe ulilipa boda.

Sasa nikupe na upande wako, maana unao. Umekaa kwenye kochi lile, mlango hauna komeo, hakuna mtu wa kukuuliza, na ukaheshimu neno la mwanamke. Nimesikiliza wanaume wengi katika kazi hii, Heritier. Wanaoweza hivyo si wengi. Umejisifia vitenge, umejisifia China, umejisifia mpaka kutukana kwa Kiganda, na jambo moja ulilofanya la kujivunia ndilo ulilolikana juu ya robota. Watu wengine hudanganya kwamba ni wema. Wewe ulidanganya kwamba ni mhuni, na aliyelipia ni Hajara.

Jambo la pili utalichukia. Mimi nimezaliwa kule kule kwenu, harusi zetu nazijua. Msichana anaweza kulia akiwaaga wazazi, ni kawaida. Lakini wajomba wawili kumshika mikono kutoka nyumbani mpaka altareni? Anayetaka kuolewa hashikwi, Heritier. Ulikuwa umesimama mbele, ulimwona akija. Sisemi najua kilichokuwa moyoni mwa Kavira, mimi si mahakama. Nasema wewe pia hujui, na hujawahi kumwuliza, kwa sababu ukimwuliza utapoteza tarumbeta zako. Padri alipokutaja mahakama ya Kanisa hukuogopa sheria. Uliogopa kusikia kwamba siku kubwa kuliko zote katika maisha yako, mwenzako alikuwa anaburutwa. Inauma, najua. Lakini Hajara anasubiri nyuma ya huo uchungu wako, na sioni kwa nini asubiri zaidi.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa Swaibu asubuhi, saa ya mzigo kushushwa, watu wakiwa wamejaa kama siku ile. Panda juu ya robota lile lile kama hujui kusema ukiwa chini. Sema: nilisema uongo, nalala kwenye kochi, na mke wangu hakudanganya mtu. Watacheka. Waache wacheke, usiongeze kichekesho cha kwako hata kimoja, kwa sababu ukiongeza watashika kichekesho na kuacha ukweli. Kisha mwombe Swaibu afunge duka kidogo akufuate kwa padri. Ndiyo, huyo huyo muuza masufuria, Mwislamu wa watu, hana faida yoyote katika hili, ndiyo maana ataaminika. Akaseme alichosikia siku ile na alichosikia leo. Umtafute na yule mama wa sare, umwombe radhi, na umpunguzie bei.

Usirudi kwenye kochi. Hamia kwa rafiki, au panga chumba, kwa sababu kochi lenu sasa lina watazamaji wengi, na hakuna atakayeamini tena kwamba mlango haujasukumwa. Raisa mweleze vizuri kwamba wewe ni baba yake na utabaki baba yake popote utakapolala. Mtoto amekwama kwenye hesabu zenu, msaidieni.

Kisha mpigie Kavira. Usimpigie kumwambia aseme nini. Mwambie samahani, mwambie Kanisa litamwuliza, na aseme lililo lake, hata kama litakuvua nguo. Wewe nawe ukafungue shauri, utoe maelezo bila vikari, bila tarumbeta. Linaweza kuchukua muda mrefu, na jibu linaweza lisiwe unalolitaka. Wakisema Kavira bado ni mke wako, usije ukaniandikia kwamba Mama Kahambu alikudanganya. Utakuwa umejua unaposimama, na Hajara atachagua akiwa na macho wazi.

Na Hajara ajue, kama Rosalba hajamwambia: mkatekumeni ameshahesabiwa nyumbani. Kanisa limeshamwita wake tangu siku ile alipokataa kunawa uso. Baba yake alimwambia aingie mzima, na nionavyo mimi ndivyo alivyoingia. Pale mlangoni tumesimama na kumsonga sisi wengine.

Je, padri atamrudisha Pasaka hii? Sijui. Siku zimebaki chache, na neno likishavunjika hata la kweli hupokelewa kwa mashaka. Jiandae kwamba atasema asubiri mpaka Pasaka nyingine. Ikiwa hivyo, usimgombeze padri, usimnunulie Hajara kitenge cha pole, wala usiwaambie watu jinsi unavyoumia. Usiku wa Mkesha wenzake wataitwa mmoja mmoja kwenye maji, na jina lake halitaitwa. Kabla ya siku hiyo mwulize kama anataka uwe kanisani au usiwepo, ukae karibu naye au mbali. Atakalosema, lifanye. Na ukishalifanya, Heritier, usimsimulie mtu.

Mama Kahambu